Mwadilifu Alivyokula Karamu ya Muuaji

Leo nimeadhirika. Mbele ya parokia nzima, mbele ya Bwana Shauri, Mzungu wa serikali aliyeteremka kutoka Songea, na mbele ya mama mkwe. (Mkwe mtarajiwa. Mpaka saa sita mchana nilikuwa nimeanza kulisahau hilo neno "mtarajiwa". Sasa limerudi.)

Nawaandikia ninyi wenzangu tuliosoma pamoja, mnaofundisha huko Mbinga, Ruanda na Namswea, upesi upesi, kabla habari haijawafikia kwa njia nyingine. Dereva wa lori la kahawa alikuwapo uwanjani. Alipanda juu ya kichwa cha lori lake ili asipitwe na kitu. Akifika huko atawasimulia, na mnamjua yule, ataongeza. Jamani, hakuna haja ya kuongeza! (Barua hii nayo ataibeba yeye, maana huku ziwani sina mtu mwingine wa kumtuma. Kwa hiyo mtacheka mara mbili.)

Mwajua kwamba tangu Kwaresima Padre wetu amekuwa akitufundisha mchezo wa kuigiza. Ni mchezo wa kale sana wa huko kwao Ulaya, ameutafsiri mwenyewe. Jemadari mmoja, shujaa, mtu wa kupendwa, anaingiwa na tamaa. Anamwua mfalme wake. Anakalia kiti chake, na tangu hapo hapati usingizi wala raha mpaka anakufa vibaya. Pembeni yake yupo rafiki yake wa siku zote, mtu mwadilifu. Huyu naye angeweza kukitamani kile kiti, lakini hakitamani. Anaalikwa kwenye karamu ya muuaji, anakataa kula, anauawa. Basi.

Jemadari alipewa Mwalimu Gervasi. Mnamfahamu: kifua, sauti, meno. Mwadilifu nilipewa mimi. (Padre alisema nina uso wa mtu anayejuta mambo ambayo hakuyatenda.)

Mwanzoni nilinuna. Gervasi anaua, analia, anapiga kelele, anaota ndoto mbaya, watu wote wanamtazama yeye. Mimi nasimama tu, nikiwa mwema. Nikamwambia Padre hivyo. Akanijibu, "Osmundi, wewe ndiwe ukuta mweupe. Bila wewe, hakuna atakayeliona doa."

Basi kichwa kikavimba. Nikaanza kuwa mwadilifu hata nje ya mchezo. Nikawa sicheki Gervasi akisimulia vituko vyake chumba cha walimu. Nikawa natembea polepole, mikono nyuma. Nikamkemea fundi wa baiskeli wa misheni kwa kupiga mluzi siku ya Ijumaa. (Fundi huyu ndiye aliyepewa kuwa askari wa muuaji, na leo amelipiza. Tutafika.)

Sababu ya haya yote ni Veronika.

Nilishawaeleza habari zake, sitarudia. Ninyi mlinicheka mkasema Mmatengo wa milimani hawezi kuoa ziwani, ataishia kung'ang'ania miiba ya samaki. Nilimtuma Katekista akaniposee. Mama Veronika hakuwa na neno. Taabu ilikuwa kwa baba yake, Mzee Kanisio. Alimwambia Katekista, "Hawa watu wa milimani ni watu wazuri, lakini wanakubali kila kitu. Ukiwaambia limeni hivi, wanalima. Ukiwaambia pandeni kahawa, wanapanda. Binti yangu nataka nimpe mtu mwenye msimamo." Halafu akasikia kutoka kwa Padre kwamba mimi ndiye mtu mwadilifu wa mchezo. Akasema, "Haya. Nitakuja kumtazama."

Katekista akanieleza na jambo jingine, mlisikilize vizuri, maana ndilo lililonimaliza. Katika ukoo wao jibu la posa halitolewi kwa mdomo. Mama wa binti anapika samaki mzima, kichwa na mkia, anamtengea mposaji peke yake. Hiyo ndiyo "ndiyo" yao. "Siku ukimwona samaki huyo," akasema Katekista, "usishukuru, usiulize, kula. Ukimwacha, umemwacha binti. Tena ukila usimwelekee mama mkwe. Mpe mgongo. Ni heshima."

Nikasema nimeelewa. Nikamsubiri samaki huyo nyumbani kwangu kila jioni, nimenawa.

Sasa, leo.

Niliamka nikajinyima chakula. Padre alikuwa amedokeza kwamba mwadilifu aonekane mnyonge kidogo, nami nikaona nisile kabisa. Baada ya Misa wenzangu wakanywa chai na mihogo. Mimi nikatazama pembeni. Nikavaa shuka jeupe na ndevu za katani, zimebandikwa kwa gundi ya fundi viatu. Nilijitazama kwenye kioo cha dirisha la sakristia. Nilijiheshimu, wallahi! (Mniwie radhi kwa kuapa.)

Uwanja wa shule ulijaa. Jukwaa lilikuwa baraza ya darasa. Mstari wa mbele aliketi Padre, Bwana Shauri, na karibu yao Mzee Kanisio na koti lake jeusi, kofia magotini. Mama Veronika kando yake. Veronika nyuma yao. Nikajifanya sijamwona. Mwadilifu hatafuti wasichana kwa macho.

Mwanzo ulikwenda vizuri kupita kiasi. Gervasi alipomwua mfalme watu walimzomea mpaka mbwa wakakimbia. "Muuaji! Shetani! Rudisha kiti cha watu!" Na mimi nilipotokea na shuka langu jeupe, bibi mmoja akaita, "Sema naye, Mwalimu! Wewe ndiye una akili!" Nikasema naye. Nikasema naye kwa uchungu. Nikamwona Mzee Kanisio anaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayekubaliana na bei. Nikajiambia: Osmundi, umeshaoa.

Ikafika karamu.

Hapa lazima niwaeleze mazoezi yetu yalivyokuwa. Wakati wa mazoezi nilikuwa naletewa karai tupu. Nalo nilikuwa nalipiga teke. Natazama juu mbinguni (Padre alisisitiza: mwadilifu hatazami chakula), natamka, "Chakula hiki kinanuka damu!", halafu teke, karai linaruka, askari ananikamata, natoa maneno ya mwisho, nakufa. Teke hilo lilimpendeza Padre kuliko kitu chochote nilichofanya. Alikuwa ananiambia niongeze nguvu.

Ila jana Gervasi alimwambia Padre kwamba watu wa ziwani hawadanganyiki kwa karai tupu, wataanza kucheka. Karamu iwe karamu. Padre akakubali, akawaomba akina mama wa parokia wapike chochote. Hakuna aliyeniambia nani atapika. Wala mimi sikuuliza. Kwa nini mwadilifu aulize habari za jikoni?

Fundi wa baiskeli akaja na sinia, debe limekatwa likafungwa kifuani mwake kama ngao, ameukunja uso. Akaliweka sinia miguuni pangu. Akafunua kitambaa.

Harufu ikapanda. Ndugu zangu, tumbo langu likaitika kwa sauti. Mstari wa mbele walisikia. Lakini mimi macho yangu yako mbinguni, yako kwenye paa la baraza, pale penye kiota cha nyigu. Nikavuta pumzi. Nikanguruma,

"Chakula hiki kinanuka!"

Kabla ya neno la mwisho nikatupa jicho chini, kidogo tu, kulenga teke.

Samaki. Mbasa mzima. Kichwa na mkia, amezungushiwa nyanya, kando yake ugali wa muhogo uliopigwa ukakaa vizuri. Na kitambaa alichokishika fundi kilikuwa na maua mekundu, yale niliyomwona Veronika akiyatarizi kibarazani kwao mwezi mzima.

Neno "damu" likakwama. Mguu ulikuwa umeshainuka.

Nikabaki hivyo. Mguu mmoja hewani, juu ya samaki wa mama mkwe, na maneno yangu ya mwisho kwa umma yakiwa kwamba chakula chake kinanuka.

Mama Veronika akasimama. "Kinanuka?"

Wote wakamgeukia. Hata watoto wachanga.

"Kinanuka nini, Mwalimu? Samaki huyu ametoka majini alfajiri ya leo! Mimi mwenyewe nimempokea mtumbwini!"

Padre, ambaye hakujua lolote, akadhani nimesahau maneno. Akaninong'oneza kwa nguvu, mkono mdomoni, "Damu! Sema damu!"

Nikasema, "Damu."

(Naam. Nililisema. Mdomo wangu umezoea kumtii Padre.)

"Damu!" Mama Veronika akageukia wanawake wenzake. "Anasema sikumwosha! Nimeosha maji manne, wanawake mmeniona, sikumwosha huyu?" Wakajibu wote kwa pamoja kwamba ameosha.

Mzee Kanisio akasimama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Akapangusa kofia yake, akaivaa. "Mama Veronika," akasema, "kachukue sinia lako. Tumejibiwa."

Nyuma yake Veronika alikuwa amejifunika uso kwa kanga.

Jamani, nimewahi kuona haya. Nimewahi kuchapwa mbele ya darasa. Lakini pale nilihisi damu yote inanitoka miguuni, au tuseme mguuni, kwa sababu ule mwingine ulikuwa bado juu. Nilimwona msichana yule anaondoka maishani mwangu kwa sababu ya teke ambalo hata sikulipiga.

Gervasi akiwa ameketi kwenye kiti cha mfalme, bila kufungua meno, akanong'ona, "Shusha mguu, wewe. Kula!"

Nikashusha mguu. Nikakaa chini. Nikakumbuka heshima ya mkwe, nikageuka, nikaupa uwanja mzima mgongo, mimi mtu mwadilifu, ukuta mweupe wa Padre. Nikamega ugali, nikachovya, nikala.

Uwanja ukavuma. Watu hawakuelewa. Wiki zote hizi wamesikia kwamba mtu huyu atakataa! Kuna mzee alilalamika waziwazi, "Aa! Na huyu naye?"

Gervasi alijitahidi kuuokoa mchezo. Akasimama, akafungua mikono. "Rafiki yangu mwadilifu! Unakula?"

Sikujibu. Katekista alisema nisiseme kitu.

"Nakuuliza! Unakula chakula cha muuaji?"

Nikaona hapo nikinyamaza mama mkwe ataudhika upya. Nikapayuka, mdomo umejaa, "Si cha muuaji! Ni cha Mama Veronika!"

Hapo ndipo uwanja ulipopasuka. Watu walianguka kwenye mabenchi. Nilisikia honi ya lori, dereva alikuwa ameporomokea ndani akaikalia kwa kicheko. Bwana Shauri kofia ilimdondoka, akaiacha huko huko chini. Padre alikuwa ameinama, paji la uso limeshikwa kwa mikono yote miwili, na sijui kama alikuwa anasali au anajizuia kutusema wote kwa lugha yake.

Na sasa niwaambie ukweli, maana ninyi ni rafiki zangu na aibu hii siwezi kuibeba peke yangu. Matonge ya kwanza niliyala kwa ajili ya Veronika. Mengine niliyala kwa ajili yangu. Nilikuwa na njaa! Na samaki yule alikuwa mtamu ajabu. Nikasahau mchezo. Nikasahau ndevu, zikaloa mchuzi, gundi ikaachia upande mmoja, nikawa natafuna samaki na katani pamoja na sioni tofauti. Fundi alikuja kunikamata kama ilivyopangwa, mkuki mkononi. Watu wakampigia kelele, "Mwache amalize!" Akasimama pembeni yangu, mkuki chini, akaanza kupiga mluzi. Ule ule wa Ijumaa.

Kisha Gervasi akafanya jambo ambalo sitamsamehe mpaka Pasaka ijayo. Alipiga magoti. Akanyoosha mkono kunielekea, mimi ninayechokoa shavu la samaki, akasema kwa ile sauti yake, "Tazameni! Hata huyu! Mtu safi kuliko wote! Dhambi yangu imemfikia hata huyu!" Akalia. Machozi ya kweli. Na watu wale wale waliomzomea wakaanza kumhurumia. Bibi yule aliyeniambia nina akili akamwambia, "Pole, baba. Umezungukwa na walafi." Alipokufa walimpigia makofi mpaka akafufuka kuinama.

Mimi sikuuawa. Hakuna aliyekumbuka.

Mchezo ulipokwisha Bwana Shauri alinishika mkono (nilikuwa sijanawa), akasema mchezo huu anaujua tangu akiwa shuleni kwao, ila hajapata kuuona ukienda hivi. Padre hakunisubiri. Aliingia kanisani akafunga mlango.

Katekista akanivuta nyuma ya darasa. Mzee Kanisio alikuwa pale, amesimama na fimbo yake. Mama Veronika kando. Veronika hatua chache nyuma.

"Shikamoo, Baba. Shikamoo, Mama."

"Marahaba," akajibu Mzee. Akanitazama kuanzia ndevu mpaka miguu. Kisha akamgeukia Katekista. "Yule jemadari. Ameoa?"

"Ameoa, Mzee. Ana watoto."

"Basi." Akapumua. "Tutafanyaje."

Mama Veronika akaingilia. Hasira zilikuwa zimemwisha, uso unang'aa. "Amekula, Baba Veronika. Amemaliza mpaka macho ya samaki. Umeona, watu wote wameona. Mimi sina neno tena."

"Nimeona," akasema Mzee. "Ndiyo sababu nina neno. Nilikuja kumtazama mtu anayeweza kusema hapana. Akasema hapana. Nikafurahi, ingawa lilikuwa la samaki wako. Ukasimama wewe, mwanamke mmoja, akaketi akala. Je, kesho akisimama mwingine? Akimwambia muuze huyu binti, mwache huyu binti, atakula tu?"

Nilitazama vidole vyangu vya miguu. Alichosema kilikuwa cha kweli kiasi, na kilinichoma, kwa sababu tangu Kwaresima nimekuwa nikitembea na mikono nyuma nikijiona mtu wa msimamo.

"Mama yake amekukubali kwa ulichokula," akasema Mzee. "Mimi nitakukubali siku nikikuona unakataa kitu."

Veronika akanong'ona, "Mwalimu, una ndevu mdomoni."

Nikazitoa. Ndefu sana. Nikakohoa, koo limekauka kabisa kwa katani na ugali mkavu. Mama Veronika akanionea huruma. Akachukua kata ya togwa yake aliyokuwa amemshikisha jirani, akanijia nayo, imejaa, baridi, povu juu. "Pole, mwanangu. Teremshia."

Aliniita mwanangu!

Nikanyoosha mkono. Nikamwona Mzee Kanisio. Alikuwa anautazama mkono wangu tu. Ameegemea fimbo.

Nikamtazama Mama. Nikamtazama Mzee. Nikamtazama Veronika, naye akatazama mbali, akaniacha nichague mwenyewe. Koo linawaka. Togwa inanukia.

"Hapana, Mama," nikasema. "Ahsante. Sinywi."

Mzee Kanisio akacheka. Mara ya kwanza tangu nimjue! Akanipiga bega, kwa nguvu. "Haya! Nimeona! Mtu huyu anaweza. Katekista, kwa upande wangu limekwisha, binti ni wake."

Nikageuka kwa furaha kumtazama mama mkwe.

Mama Veronika alikuwa bado ameishika ile kata. Uso umebadilika. "Samaki wangu ananuka," akasema polepole. "Samaki wangu ana damu. Na sasa togwa yangu hainyweki." Akaimwaga chini, karibu na miguu yangu. "Veronika, twende nyumbani. Huyu mwalimu hatalamba kitu changu tena mpaka aje aniombe kwa mdomo wake."

Wameondoka. Mzee alinyanyua mabega, akawafuata. Katekista amenieleza kuwa hakuna njia nyingine, niende kuomba, tena niende mapema, mwenyeji akiwa anakoroga uji na majirani wote wako nje wanafagia.

Kwa hiyo kesho alfajiri mtu mwadilifu anakwenda kupiga magoti jikoni kwa watu kuomba chakula, huku baba mwenye nyumba akichungulia kuona kama nitapiga magoti haraka mno. Nawasihi msicheke. Atakayecheka asije harusini. (Kama ipo.)